Nilivyofuata spea Ulaya bila pasipoti

  Wiki hii sina stori ya mapenzi, ingawa harusi imo. Nina stori ya joto. Joto lililonipeleka Ulaya mara mbili ndani ya wiki mbili, bila pasipoti wala viza, nikarudi na spea mkononi. Usianze kucheka. Soma mpaka mwisho, hasa wewe unayetamba mjini na gari la Kijapani lenye AC ya kubonyeza vitufe. Yaliyonikuta mimi yako njiani, yanakuja kwako.

Gari langu ni Toyota Mark II, ile GX110, toleo lililotoka kati ya mwaka 2000 na 2004. Kwa hiyo lina miaka zaidi ya 20. Lingekuwa mtu, lingeshapiga kura na kulalamikia matokeo. Hata hivyo nalipenda, na Oktoba hiyo nililiendesha kutoka Dar mpaka nyumbani Kilosa, kwa mama, kwa sababu mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Mikumi.

Sasa nyie watoto wa mjini, Kilosa mnaipita na treni tu, mmelala. Ngoja niwaambie. Oktoba pale jua halina utani. Hata kuku wanatembea kwa kuchagua kivuli.

Jumamosi ya kwanza tulitakiwa Mikumi kwenye kikao na upande wa bwana harusi. Mama akakaa mbele, kapendeza, kitenge kipya, marashi kwa mbali. Nami mtoto wa kiume nikajitia ujuzi, nikabonyeza AC, nikaweka nyuzi 18. "Tulia mama, sasa hivi utadhani uko Lushoto," nikamwambia.

Dakika tano, baridi hakuna. Dakika kumi upepo ukaanza kuja wa moto. Siyo vuguvugu, nasema moto! Nikashusha mpaka mwisho wa baridi, wapi. Na nyuma ya dashibodi nikasikia tiki-tiki-tiki-tiki, kama kuna mjusi anahesabu hela za upatu. Nikazima kila kitu, nikashusha vioo vyote vinne, tukala vumbi. Lakini hata ukizima, gari likitembea hewa ya nje inajisukuma yenyewe, inapita kwenye hita na kukutoka usoni. Tulikuwa kama mikate kwenye tanuri.

Mama yangu ana presha. Tulipofika kijiji cha Ulaya, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, simamisha gari. Kichwa kinazunguka."

Ndiyo, Ulaya. Kipo kijiji kinaitwa hivyo, njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Wenyewe wamechoka na utani wa wageni, kwa hiyo ukifika pale usiulize kama kuna theluji.

Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mwembe wake. Hakuuliza sisi ni nani. Alitandika mkeka, mkewe akaleta maji ya mtungi, akamlegeza mama kitenge na kuanza kumpepea kwa upindo wa khanga. Mimi nikasimama pembeni nimeshika funguo kama mjinga. Nilijitia kuangalia huku na kule ili mama asiyaone macho yangu. Huko nyuma ya nyumba nikaona gari bovu limekaa juu ya mawe, halina tairi hata moja, kuku wanaingia dirisha hili na kutokea lile. Nikaliona, nikalisahau. Kumbuka hilo, tutarudi.

Tulipumzika hapo mpaka jua likapungua makali. Mama alipopata nguvu alinitazama, akatazama gari, akasema, "Siku ya harusi sipandi hili tanuri lako. Na mabasi ya kubanana siyawezi. Kama usafiri wenyewe ndiyo huu, mtamwoza mwanangu bila mimi."

Msomaji, bibi harusi aolewe mama yake hayupo, na sababu iwe gari la kaka mtu! Hiyo aibu utaiweka wapi?

Jumatatu nikaanza na fundi wa kwanza. Hakufungua hata boneti vizuri. "Gesi imekwisha, bosi." Shilingi 60,000. Gesi ikajazwa, nikalipa, nikawasha. Moto uleule, na mjusi wangu bado anahesabu hela. Fundi akasema sasa tutafute kompresa. Nikamwambia nakwenda kutafuta hela, na mpaka leo bado natafuta.

Jirani akanielekeza kwa dada mmoja mwenye gereji ndogo, amesomea ufundi VETA Mikumi. Nilifika giza limeshaingia, yeye ndiyo ananawa mikono. Hakugusa spana. Aliingia, akabonyeza na kushikilia vitufe viwili kwa pamoja, kile cha AUTO na kile cha kuzungusha hewa ya ndani, halafu akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa zote za AC zikapepesa, kisha pale kwenye tarakimu za joto zikatokea namba. Ikaja 21.

"Mbaya hiyo?" nikauliza.

Akacheka. "Hiyo ni sensa ya jua, kaka. Inasema haioni jua. Usiku huu hata mimi silioni." Kumbe Toyota nyingi zenye AC ya namna hii zinaweza kujipima zenyewe, na ukizipima gizani lazima zilalamike kuhusu jua. Halafu ikaja 41. Hapo hakucheka. "Huyu ndiye mgonjwa wetu."

Akanichorea mchangani kwa kijiti. Hewa ya gari lako, alisema, inaanza kupita kwenye sehemu ya baridi. Baada ya hapo kuna kijilango. Kijilango kikilala upande mmoja, hewa inakuja ilivyo, baridi. Kikilala upande wa pili, hewa yote inapitishwa kwenye rejeta ndogo ya hita, ambayo inapitisha maji ya moto ya injini. Kikikaa katikati, unapata mchanganyiko. Kwenye magari ya zamani ulikuwa unakivuta wewe kwa waya, kwa kile kitasa cha rangi nyekundu na buluu. Kwenye gari la vitufe kinageuzwa na kitu kidogo ukubwa wa boksi la viberiti vichache, kitaalamu akchueta. Yeye anakiita kimota, na mimi nakiita hivyohivyo.

Ndani ya kimota kuna mota ndogo kama ya gari la kuchezea watoto, giya za plastiki, na kisahani kinachoiambia kompyuta ya AC kijilango kimefika wapi. Zile tiki-tiki ni meno ya giya yaliyokatika, yanarukaruka. Na kijilango changu kilikuwa kimegandia upande wa hita. Kwa hiyo ile gesi ya 60,000 ilikuwa inapoza hewa vizuri kabisa, halafu hita inaichemsha upya. Ni sawa na kununua barafu ukaiweka kwenye chai.

"Si tufunge tu mipira ya maji ya hita?" nikauliza, kwa kuwa na mimi nina akili zangu. Akaniita nione. Mipira imekauka kama biskuti. "Hii ukiigusa inapasuka, maji yanamwagika, injini inachemka. Badala ya joto la ndani utapata moshi wa nje." Nikanyamaza.

Akakifungua kile kimota kibovu, akanikabidhi, na akaandika namba yake kwenye karatasi. "Kaka, nenda na vyote viwili. Lakini kinachosema kweli ni hii karatasi. Namba za spea za Toyota zina tarakimu 10, tano mwanzo na tano mwisho, na juu ya kimota chenyewe unaweza kukuta namba ya Denso, wale wanaowatengenezea Toyota vifaa vingi vya AC. Vyovyote iwavyo, tarakimu zifanane mpaka ya mwisho."

Kesho yake nikapanda treni ya SGR pale Kilosa, hizi zilizoanza safari mwaka 2024, nikashukia Dar. AC ya behewani ilikuwa nzuri mpaka nikaona wivu. Moja kwa moja Kariakoo, upande wa Gerezani, kwenye spea za mitumba. Muuzaji wa kwanza akachukua kimota changu, akakigeuza mara mbili, akazama kwenye ndoo, akaibuka na kingine. Nakuapia, kurwa na doto! Rangi ileile, soketi ileile, matundu ya skrubu yaleyale.

"Funga kazi hiyo, mwanangu. Hiyo hiyo."

Karatasi ilikuwa wapi? Mfuko wa shati. Niliitoa? Sikuitoa. Nilikuwa na haraka, muuzaji alikuwa mchangamfu, na mimi kwa watu wachangamfu ni dhaifu, dada zangu mnanijua. Nikatoa 85,000.

Kilosa, Alhamisi jioni. Dada fundi akachomeka, soketi ikaingia. Tukaweka 18, ukaja moto. Tukaweka 32, ukaja upepo wa baridi. Tukaweka katikati, kimota kikaishia njiani na kusimama kama mlevi aliyesahau kwao. Dada fundi akakitoa, akakiangalia kwa tochi, akaninyooshea kiganja. "Karatasi."

Tarakimu zote zilikuwa sawa, isipokuwa mbili za mwisho.

"Umenunua kimota cha kuelekeza upepo, cha kuchagua usoni au miguuni. Gari moja linaweza kuwa na vimota vitatu vya sura moja. Cha joto, cha kuelekeza upepo, na cha kuruhusu hewa ya nje. Nje vinafanana, ndani kila kimoja kimefundishwa kazi yake." Nikampigia muuzaji. Mali ikiuzwa hairudi, akasema, na kwa sauti ileile ya uchangamfu.

Harusi Jumamosi. Nilikaa pale kwenye tairi kuukuu nikimfikiria mama. Alikuwa ameshapiga pasi gauni lake la harusi, amelitundika nyuma ya mlango, na hajaniuliza kitu. Angenigombeza ningepumua.

Dada fundi akawa anajisemea, "Hapa Kilosa GX110 iliyokufa sijaiona. Ingekuwepo hata Verossa." Nikauliza Verossa inahusu nini. "Hizo na gari lako ni watoto wa tumbo moja, wamejengwa juu ya chasisi moja. Vitu vingi wanaazimana."

Msomaji, nilisimama kama niliyeng'atwa na siafu. Taa za lile gari bovu chini ya mwembe! Ule uso wake wa kukunja ndita! Ilikuwa Verossa!

Ijumaa alfajiri niko kwenye bodaboda, begi la spana mgongoni, naelekea Ulaya kwa mara ya pili. Mzee alinikumbuka. Kabla hata sijasema shida yangu aliuliza, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo, shikamoo mzee, nina ombi kuhusu gari lako.

Akasema gari ni la mwanawe, yuko kwenye pilikapilika zake Mbeya. Tukapiga simu. Mwana akasema chochote kile uza, ila redio usiguse. Bei ikawa 30,000. Lakini mzee akaweka sharti. "Kiti cha mbele kuna tetea ameatamia. Ukimfukuza, biashara imekwisha."

Basi bwana, mwandishi wako huyu unayemwona mtanashati kwenye picha, nilijikunja chini ya dashibodi ya Verossa kwa saa nzima, tochi mdomoni, tetea akinidonoa mkono kila nikinyanyua bisibisi. Kilipotoka, sikukiangalia sura. Nilitoa karatasi kwanza. Nikasoma tarakimu moja moja kwa sauti, mzee akifuatilia kwenye lebo kwa miwani yake. Ya kumi ilipolingana akasema, "Haya, mahari imepokelewa."

Sharti la pili lilikuwa dogo. Mkewe, yule aliyempepea mama, ana dada yake Mikumi hawajaonana siku nyingi. Kesho nikipita, nimpe lifti. Nikasema mama huyo atakaa kiti cha heshima.

Nilidhani kazi imekwisha. Jioni kwa dada fundi nikamwambia funga haraka tukapumzike. Akakataa. "Cha kwanza kilikufa kwa nini?" akauliza. Nikasema uzee. "Uzee unaweza. Lakini kijilango nikikisukuma kwa mkono kinagoma mwisho. Kimota kilikuwa kinapambana na kitu."

Akamulika, akakunja ncha ya waya wa kutundikia nguo, akavua kama anayevua kambare. Akavuta, akavuta. Ikatoka kalamu.

Kalamu ya buluu. Imeandikwa jina la gazeti hili hili unalolisoma. Niliitafuta miezi mitatu nyuma nikamshutumu kijana wa ofisini! Kumbe naiweka juu ya dashibodi, imeteleza ikazama kwenye zile nafasi za upepo chini ya kioo, ikaenda kulala njiani kwa kijilango. Kimota kikasukuma, kikasukuma, meno yakakatika. Toyota hawana kosa, vumbi halina kosa. Mchawi nilikuwa mimi.

"Ungenilazimisha nifunge," dada fundi akasema akinikabidhi kalamu yangu, "hiki nacho kingekatika meno kesho, pengine palepale Ulaya."

Akafunga. Akarudia kile kipimo cha vitufe viwili, na 41 haikuonekana tena. Tukaweka 18, ikaja baridi. Tukapandisha taratibu, ikaja vuguvugu, kisha joto, kisha tukarudi. Mjusi kimya. Kanilipisha 40,000, na nikamwalika harusini.

Jumamosi tukatoka na mama mbele. Alikuwa ameshika feni ya mkononi, haniamini. Tulipofika Ulaya tukamchukua mama yule wa mwembe, akakaa nyuma, wakaanza kuzungumza kama waliozaliwa nyumba moja. Mbele kidogo nikamwona mama anajifunika khanga mabegani, kisha mara ya pili anajikunyata. Mwisho akanigeukia:

"We mtoto, punguza hicho kitu. Unataka nifike harusini na mafua?"

Hakuna matusi matamu kama hayo duniani. Nikapandisha nyuzi mpaka 24, na gari likatii. Mikumi tukaingia mama akiwa mkavu, marashi yake yakiwa palepale, na vigelegele vya kwanza vilitoka kwake.

Sasa nikuachie la kujifunza, usiseme nimekula muda wako bure. Ukitafuta kimota kama hiki, toa cha zamani kwanza na unakili namba yote. Hesabu waya na pini za soketi, maana vya zamani vingi vina waya tano na vya magari ya baadaye vingi vina tatu, havielewani hata ukilazimisha. Tazama umbo la tundu au mkono unaoshika kijilango. Uliza gari kilikotoka lina usukani upande gani, kwa sababu spea ya gari la usukani wa kushoto inaweza kuwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Uliza pia kama lilikuwa na AC ya vitufe au ya kuzungusha kwa waya. Na kabla ya kufunga kipya, sukuma kijilango kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kikigoma, kuna mtu amelala mle ndani.

Shemeji yangu mpya aliposikia kisa hiki ukumbini alisema nimempa hotuba ya ndoa bure. Kufanana siyo kulingana, na kabla hujaleta mpya, jiulize ya zamani ilivunjwa na nini. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika kalamu yangu, naiangalia.

Siku hizi naiweka mfukoni. Ile ya 85,000 bado ninayo, kimota cha kuelekeza upepo, kizima kabisa. Mwenye GX110 anayehitaji aje tuzungumze, lakini asinifuate na sura. Aje na namba.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Kunywa maji, na mpigie mama simu.